Makopo Mawili ya Baruti

Babu yangu alipima baruti kwa vidole. Aliimimina ndani ya mtutu wa gobore, akaishindilia kwa ufito wa chuma, kisha akatazama ufito umebaki nje ya mdomo wa mtutu kwa upana wa vidole vingapi. Vitatu vilikuwa vya kanga na digidigi. Vinne vilikuwa vya nguruwe pori. "Vitano," aliniambia nikiwa na miaka tisa, "ni vya mtu anayetaka kumkalisha mke wake eda."

Hiyo ilikuwa Liwale, kusini mwa Tanzania, katika kijiji ambacho pori la Selous lilianzia nyuma ya mashamba yetu ya ufuta. Kwa miaka mingi niliamini kwamba maadili yote ya bunduki yamo katika sentensi ile: usizidishe. Ilibidi nifike Montana, huko Marekani, nikae meza moja na mzee asiye wa damu yangu, ndipo nikajua kwamba kuzidisha ni nusu tu ya hatari. Nusu nyingine ni kunyamaza.

*

Nilikwenda Missoula kusomea shahada ya pili ya misitu. Nilipanga chumba cha chini katika nyumba ya fundi mstaafu wa reli, mgane, mtu wa maneno machache. Jirani na chumba changu kulikuwa na stoo yenye meza ndefu ya mbao. Juu ya meza ile mzee alikuwa akijitengenezea risasi za kuwindia kwa zaidi ya miaka 30. Huko hilo si jambo la siri wala la uhalifu. Maduka ya vifaa vya uwindaji huuza kila kipande peke yake: ganda la shaba ya njano, fataki inayokaa kwenye kitako cha ganda, baruti kwa kopo, na kichwa cha risasi chenyewe. Mwindaji huviunganisha nyumbani. Wengine hufanya hivyo kuokoa fedha. Wengine, kama mzee wangu, hufanya hivyo kwa sababu kila bunduki ina tabia yake, na risasi iliyopimwa kwa ajili ya bunduki moja mara nyingi hulenga vizuri kuliko ile iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya bunduki zote.

Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Jioni moja mwezi wa tisa aligonga mlango wangu akasema, "Wewe una macho mazuri. Njoo unisomee mizani." Malipo yangu yangekuwa nyama ya msimu ule. Mwanafunzi hakatai nyama.

Bunduki yake kubwa ilikuwa ya risasi ya .300 Winchester Magnum, aina iliyoingia sokoni mwaka 1963. "Magnum" ni neno la Kilatini lenye maana ya kubwa, na ukubwa wake unauona kwenye ganda, ambalo linabeba baruti nyingi kuliko risasi za kawaida za unene ule. Karibu na kitako cha ganda kuna mkanda mnene wa shaba. Mkanda huo ni urithi kutoka risasi ya .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912, ambayo wawindaji wengi waliibeba Afrika Mashariki, na ambayo mpaka leo hutajwa kwetu kila panapozungumzwa nyati. Kwa hiyo kitu kile nilichokuwa nikikifuta kwa kitambaa huko ugenini kilikuwa na undugu wa mbali na nyumbani.

Mzee alinifundisha kwanza kuogopa. Risasi ile inapolipuka, alisema, mgandamizo ndani ya chemba unaweza kufikia pauni 64,000 kwa kila inchi moja ya mraba. Nilipiga hesabu: tairi la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 32 hivi. Ni mara 2,000 ya upepo wa tairi, umefungiwa ndani ya chuma, sentimita chache kutoka kwenye jicho la mtu. Kinachosimama kati ya moto ule na uso wako ni chuma cha chemba, komeo la bunduki, ganda jembamba la shaba, na uaminifu wa aliyepima baruti.

*

Kazi yenyewe ni ya polepole mno. Huanzi na kiasi kikubwa. Unafungua kitabu cha vipimo kilichochapishwa na watengenezaji, unatafuta aina yako hasa ya baruti na aina yako hasa ya kichwa cha risasi, unaanza na kiwango cha chini, kisha unapanda kidogokidogo. Kila hatua unapiga risasi chache na kusoma maganda yaliyotoka. Fataki imebonyea kupita kawaida? Komeo limekuwa gumu kunyanyuka? Kitakoni mwa ganda kuna alama inayong'aa? Hizo ni dalili kwamba chuma kinalalamika. Lakini mzee alisisitiza kwamba dalili huchelewa. Ukisubiri chuma kilalamike ndipo usimame, umeshapita mpaka.

Baruti hupimwa kwa kipimo cha zamani cha Kiingereza ambacho asili yake ni punje ya nafaka. Punje 7,000 hufanya ratili moja, na punje 15 na kitu hufanya gramu moja. Tulikuwa tukibishana juu ya nusu punje, yaani uzito ambao ukiuweka kiganjani hutausikia. Sisi tumefundishwa tangu shuleni kwamba haba na haba hujaza kibaba, na daima tuliambiwa hivyo kama habari njema: weka akiba, soma kidogokidogo, utafika. Pale mezani methali ile ilinigeukia. Haba na haba hujaza hata kibaba ambacho hukutaka kijae. Hakuna anayeamua kulipua bunduki yake. Mtu huamua kuongeza nusu punje, kwa sababu nusu punje ya jana haikumdhuru.

Kisha kuna mambo yanayopandisha kipimo wakati mkono wako umetulia. Joto ni mojawapo. Risasi iliyojaribiwa kwenye baridi ya Montana ikiwa karibu na mpaka inaweza kuuvuka mpaka huo ikipigwa siku ya jua kali, maana baruti nyingi huwaka kwa nguvu zaidi zikiwa na joto. Umri wa ganda ni jambo jingine. Ganda hutumika tena mara kadhaa, na kila mara shaba hunyooka kidogo, hasa pale juu ya mkanda. Mzee alikuwa na waya mwembamba aliokunja ncha yake. Aliuingiza ndani ya kila ganda na kupapasa ukuta wake taratibu, akitafuta mfereji usioonekana kwa macho. Akiupata, ganda lile alilipondaponda kwa koleo ili lisirudi mezani kwa bahati mbaya.

Hata kichwa cha risasi kilikuwa na maadili yake. Katika Kiswahili neno "risasi" lina maana mbili, kile kinachopigwa na madini yenyewe, na lugha yetu imehifadhi ukweli kwamba kwa karne nyingi vilikuwa kitu kimoja. Mzee alikuwa ameacha risasi za madini hayo na kuhamia za shaba nyekundu. Sababu ilikuwa tai. Kichwa cha risasi ya kawaida kikipiga mnyama hukatika vipande vidogo vidogo, na ndege wanaokula matumbo yaliyoachwa porini hula sumu. California ilipiga marufuku risasi za aina hiyo katika uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019. Montana haikumlazimisha mtu. Mzee alibadilisha tu, ingawa mabadiliko yale yalimrudisha mwanzo kabisa: shaba nyekundu ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, hula nafasi ndani ya ganda, na vipimo vya zamani havifai tena. Miaka mingi ya daftari ikawa karatasi tupu. Nilimwuliza kama haikumuuma. Akasema, "Tai hakuniomba nimpige."

Na kulikuwa na suala la ukweli wa karatasi. Tulikwenda uwanja wa shabaha tukiwa na risasi za kipimo kipya. Alipiga tatu kwa yadi 100. Mbili zilikaribia kugusana. Ya tatu ilitoka nje kama inchi mbili. Nikiwa na daftari mkononi nikasema, kwa nia njema kabisa, "Hiyo ya tatu ni upepo. Tusiihesabu." Alinitazama kama mtu aliyesikia tusi. "Iandike," akasema. "Mnyama hatajua ipi haihesabiwi."

Nilifikiria sana maneno yale. Tunazoea kudhani usahihi ni sifa ya ufundi na huruma ni sifa ya moyo, kana kwamba zinakaa nyumba tofauti. Kwa mtu anayeua mnyama kwa chakula, hazina nyumba mbili. Inchi mbili kwa yadi 100 ni inchi sita kwa yadi 300, na inchi sita ndizo tofauti kati ya mnyama anayeanguka palepale na mnyama anayekimbia na taya lililovunjika mpaka afe kwa njaa. Anayejidanganya kwenye karatasi ameanza kumtesa mnyama ambaye bado hajamwona.

*

Sasa nije kwenye usiku wenyewe.

Ilikuwa mapema mwezi wa kumi. Mchana tulikuwa tumejaza risasi za bunduki kubwa. Jioni tukahamia kwenye bunduki ndogo aliyokuwa akiwafundishia wajukuu wake. Hizi mbili hutumia baruti tofauti. Ya bunduki kubwa ni ya pole: huisukuma risasi kama watu wanavyosukuma gari lililozima, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu inayoendelea. Ya bunduki ndogo ni ya haraka: ni nyundo. Ukiweka ya haraka ndani ya ganda kubwa la magnum kwa wingi unaolifaa ganda lile, umetengeneza bomu lenye kitako cha mbao, na kitako hicho kitakaa begani pako. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zote ni vijiti vidogo vya rangi ya kijivu, kama penseli iliyokatwakatwa.

Mzee alichoka, akapanda kulala. Nilibaki kumaliza. Baruti ya haraka iliyobaki kwenye kipimio ilitakiwa irudishwe kwenye kopo lake. Simu ikalia. Alikuwa dada yangu, kwao ni saa kumi na mbili asubuhi, anataka kujua mchango wangu wa harusi ya mdogo wetu, na kwa nini nimeahidi laki mbili kwenye kundi la familia halafu nimenyamaza. Nilibana simu kwa bega. Nilijitetea. Nilicheka. Nilimimina baruti kwenye kopo, nikafunga kifuniko, nikazima taa, nikaenda kulala nikiwa bado nabishana naye.

Saa nane usiku niliamka nimekaa kitandani. Mezani kulikuwa na makopo mawili. Lile la bunduki kubwa halikuwa limerudishwa kabatini tangu mchana. Yote mawili meusi, ya kampuni moja, tofauti yao ni namba kwenye karatasi. Nilimimina kwenye lipi?

Niliingia stoo pekupeku. Nilifungua vifuniko vyote viwili nikaangalia. Niliona kile ambacho mtu yeyote angekiona: kijivu na kijivu. Nilijaribu kukumbuka mkono wangu, nikakumbuka tu sauti ya dada.

Risasi tulizokwisha kujaza zilikuwa salama, nilikuwa na hakika. Hatari, kama ilikuwepo, ilikuwa ya siku nyingine: kopo la bunduki kubwa lingefunguliwa tena baada ya msimu, pengine mwezi wa tatu, na mimi ningekuwa nimerudi Tanzania mwezi wa kumi na mbili. Na nikaona jambo jingine, ambalo naona haya kuliandika. Likitokea la kutokea, hakuna mtu hata mmoja ambaye angenifikiria mimi. Watu wangesema mzee wa watu mikono yake ilitetemeka, na angekuwa mbishi kuacha.

*

Hapo ndipo babu aliponijia.

Babu aliniambia kisa chake mara moja tu, mwaka mmoja kabla ya kufa, tukiwa wawili barazani. Zamani, kabla sijazaliwa, alimpiga nyati kwa gobore. Hakuwa na kibali cha nyati, wala bunduki yake haikuwa ya nyati. Baruti ilikuwa ya kwake, ya shura na mkaa na kiberiti, na siku ile ilikuwa imepata unyevu. Nyati alipepesuka, akaingia kichakani na damu. Giza likaingia. Babu alirudi nyumbani akasema amekosa. Asubuhi hakurudi kumfuata, maana kumfuata nyati aliyejeruhiwa peke yako ni kwenda kufa, na kuwaita wengine ni kusema ulifanya nini. Siku ya tatu mwanamke mmoja wa kijijini alikwenda kuokota kuni upande ule. Nyati alimvunja nyonga. Hakufa. Tangu siku ile anatembea na fimbo.

Hakuna aliyejua. Kijiji kilisema ni nyati tu, porini ndiko kwao. Lakini kila mavuno babu alimpelekea mama yule gunia moja la mahindi. Alifanya hivyo mpaka alipokufa. Watu walimsifu kwa ukarimu, na sifa ile, aliniambia, ndiyo ilikuwa adhabu yake.

Wanafalsafa wana jina kwa sehemu ya jambo hili. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika, kila mmoja kwa njia yake, juu ya kile walichokiita bahati ya kimaadili. Chukua waendesha bodaboda wawili wenye breki mbovu, wote wanajua ni mbovu, wote wanapita njia ileile jioni ileile. Mmoja mtoto anakatiza mbele yake, mwingine njia iko wazi. Wa kwanza anakwenda gerezani na usingizi unamkimbia maisha yake yote. Wa pili anakwenda nyumbani kula ugali. Uzembe ni uleule, lakini hukumu zetu ni mbili. Je, wa pili ni mtu mwema, au ni mtu mwenye bahati?

Usiku ule nilikuwa mwendesha bodaboda wa pili, ila bado nilikuwa njiani. Nilijaribu kila kisingizio. Uwezekano ni mdogo. Baruti ilikuwa adimu madukani mwaka ule na ghali, na kutupa makopo mawili kwa sababu ya ndoto mbaya ni upuuzi. Na mtu akifuata kila wasiwasi wake hatamaliza kazi yoyote duniani. Kuna watu ambao hurudi mara kumi kuangalia kama mlango umefungwa, na hatuwaiti waadilifu, tunawapa pole.

Kisingizio hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa na nguvu, kwa sababu kina ukweli. Kujali nako kuna kiasi. Lakini niligundua kwamba nilikuwa nikijiuliza swali lisilo langu. Nilikuwa nikijiuliza kama hatari ile inavumilika, na uso uliokuwa uwekwe nyuma ya komeo haukuwa uso wangu. Mzee angeweza kusikia habari zote na kusema, "Ni kidogo hiyo, acha." Hiyo ingekuwa haki yake. Mimi sikuwa na haki ya kusema hivyo kwa niaba yake akiwa amelala. Shaka ile haikuwa mali yangu kuificha. Ilikuwa mali yake, imenidondokea mimi, na mali ya mtu hurudishwa.

Vivyo hivyo kwa babu. Habari kwamba kuna nyati mwenye jeraha upande ule ilikuwa mali ya kila mtu aliyekwenda kuokota kuni. Kujeruhi kulikuwa bahati mbaya, unyevu wa baruti, umaskini wa bunduki. Kunyamaza hakukuwa bahati. Simhukumu kirahisi: kwake kusema kulikuwa ni jela na watoto sita bila baba, kwangu kusema kulikuwa ni aibu na makopo mawili. Lakini tofauti ya bei haibadilishi kitu kinachouzwa.

Natoka kwa Wangindo. Mwaka 1905 wazee wetu walikwenda vitani wakiambiwa kwamba dawa itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Siwacheki, walikuwa wakipigania nchi yao na hawakuwa na kingine cha kushika. Lakini wajukuu wao tunapaswa kujua kwamba risasi haisikilizi nia ya mtu. Kutumaini kwamba kopo lile lilikuwa sahihi ilikuwa ni dawa yangu ya maji.

*

Asubuhi nilimwambia mzee kabla hajamaliza kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja: "Ulipofunga kifuniko, ulisoma namba?"

"Sikumbuki."

"Basi hatujui," akasema, na neno "hatujui" akalitamka kama mtu anayesoma kipimo kwenye mizani.

Alichukua makopo yote mawili akatoka nayo uani. Baruti ya siku hizi ina naitrojeni, na wanaojaza risasi huinyunyiza bustanini kama mbolea. Aliinyunyiza yote kwenye majani, taratibu, mkono ukitetemeka, kama bibi anayerushia kuku mtama. Kisha akaingia ndani, akafungua daftari, akaandika tarehe na mstari mmoja. Nilisubiri aondoke ndipo nikasoma: makopo mawili yametupwa, kosa ni la wawili. Nilipomwuliza kwa nini wawili, alisema yeye ndiye aliyeacha kopo la mchana mezani. Sheria ya kwanza ya meza ile ni kopo moja kwa wakati mmoja. Sheria hiyo, alisema, haikutungwa kwa ajili ya wajinga, ilitungwa kwa ajili ya watu hodari waliochoka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa msamaha. Sikupata chochote kati ya hivyo. Nilipata mtu aliyechukua sehemu yake ya kosa na kuniachia yangu, na mpaka leo sijapewa heshima kubwa kuliko ile.

Mwisho wa mwezi tulikwenda mlimani. Elk dume alisimama ng'ambo ya bonde, mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi, akitutazama. Mzee alimlenga kwa muda mrefu. Kisha akanyanyua kidole kutoka kwenye kifyatulio akasema, "Risasi inaweza. Mimi siwezi tena, kwa mbali hivi." Sikupata nyama mwaka ule.

*

Mwezi wa kumi na mbili nilirudi Liwale. Bibi yule bado yupo, macho yamefifia, fimbo ileile. Kwa siku nne nilipita nje ya nyumba yake bila kuingia. Nilijiuliza kama ninakwenda kumpa kitu au kujipunguzia mzigo. Nilijiuliza kama siri ya marehemu ni yangu kuifungua. Nilirudi kwenye jibu lilelile la Missoula: si yangu, wala si ya babu. Ni yake. Nyonga ni yake.

Nikapiga hodi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae."

Nilimweleza yote: baruti, unyevu, giza, siku ya tatu. Alisikiliza huku akichambua kunde kwenye ungo. Nilipomaliza hakulia wala hakushangaa, na sikuweza kusoma usoni mwake kama alikuwa akijua siku zote au ndiyo kwanza anasikia. Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua mambo ya nyumbani kwake:

"Sasa yale mahindi yataletwa na nani?"

Nilikuwa nimesafiri nchi mbili nikidhani kusema ukweli ndiyo malipo yenyewe. Bibi alinionyesha kwamba kusema ukweli ni kusoma tu daftari la deni. Deni lenyewe bado lipo. Babu alilipa bila kukiri. Mimi nilikuwa karibu kukiri bila kulipa. Kila mmoja wetu alishika nusu moja akaiita nzima.

Gunia la kwanza nimempelekea mavuno yaliyopita. Nililipima mwenyewe.